Kondoo Huacha Utoto Lini?

Tarehe 1 Julai 2019 Australia ilibadili maana ya mwanakondoo. Kabla ya hapo, jino moja tu la ukubwani likitoboa ufizi, mnyama alikuwa ameshapoteza jina: nyama yake ilihesabiwa ya kondoo mzima na bei ikateremka papo hapo. Tangu siku hiyo, mwanakondoo ni yule ambaye hajatimiza miezi 12, au ambaye meno yake ya kudumu, hata kama yameshachungulia, hayajapanda kiasi cha kuanza kufanya kazi. New Zealand ilishika mkondo huohuo karibu wakati mmoja. Asiyeijua biashara hii atacheka: mataifa mawili yanakaa vikao kujadili milimita chache za jino la mnyama. Wafugaji hawakucheka. Jino halina ratiba. Mtu alikuwa analala na kundi la wanakondoo waliofikia soko, na lori linapokuja anakuta baadhi yao wamezeeka usiku. Milimita zile zilimpa muda wa kuwahi machinjioni.

Kinywa chenyewe ni rahisi kukisoma kuliko watu wanavyodhani. Mbele, kondoo hana meno ya juu; ana ufizi mgumu tu. Chini ana manane. Yale ya utotoni ni madogo, membamba, yamebanana. Jozi ya katikati hung'oka kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, na mahali pake huota mawili mapana, karibu mara mbili ya yale ya zamani, kiasi kwamba hata mtoto akionyeshwa mara moja hawezi kuyakosea. Jozi ya pili hufuata mnyama akikaribia miaka miwili, ya tatu baadaye kidogo, na ya nne akiwa na miaka mitatu hadi minne. Hapo kinywa kimejaa. Kutoka hapo ni kushuka: meno hulika, huachana, huvunjika moja moja. Mnunuzi mzoefu humbana kichwa kwa kwapa, huteremsha mdomo wa chini kwa kidole gumba, akatazama, akaachia. Kidole hakiendi nyuma kwenye magego. Anayekipeleka huko hufanya hivyo mara moja tu.

Jamii nyingi zilizofuga kondoo zimefungua kinywa hikihiki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mnyama. Lakini mpaka kati ya mchanga na mkubwa haukuwekwa pamoja. Rai yangu ni kwamba ulimi wa mlaji una sehemu ndogo sana katika kuuweka. Mpaka huwekwa na kile kingine ambacho kondoo anafugiwa: madhabahu, zaka, jibini, sufu, mafuta ya kuvukia baridi, mahari. Nyama hufuata nyuma, na mapishi hufuata nyama.

Tuanze na madhabahu, maana huko ndiko hesabu ilikopigwa kwa ukali kuliko kwingine. Torati, katika kitabu cha Kutoka, inataka mnyama wa Pasaka awe dume wa mwaka mmoja, asiye na ila, awe wa kondoo au wa mbuzi. Walawi inamwacha mtoto siku saba na mama yake. Kuanzia siku ya nane anafaa kwa sadaka. Mafundisho haya yaliwaachia marabi kazi ya kuuliza maswali ambayo mchungaji hasumbuki nayo. Mwaka huo unahesabiwaje? Unaishia wapi? Na kondoo mkubwa anaanzia wapi? Mishna, mkusanyiko wa mafundisho yao uliokamilika karibu mwaka 200, inajibu kwamba hesabu ni ya siku kwa siku tangu mnyama azaliwe. Ndani ya mwaka wa kwanza ni mwanakondoo. Akitimiza miezi 13 na siku moja ni kondoo dume mkubwa.

Na huo mwezi wa kumi na tatu? Hapo mnyama si huyu wala si yule. Rabi Tarfon alimwita palgas. Wenzake wakampa majina mengine, hawakuafikiana. Mtu akimleta mnyama wa namna hiyo hekaluni, anatakiwa atoe pia vile vinywaji na nafaka vinavyoandamana na sadaka ya kondoo dume mkubwa, lakini deni lake la sadaka halijalipwa. Gharama kubwa, thawabu hakuna. Mimi naona hii ndiyo sheria ya kweli kuliko zote nilizowahi kusoma juu ya mifugo, kwa sababu inakiri kwamba kukua hakutokei siku moja. Inaweka shimo kati ya kundi moja na jingine, kisha inamwonya mtu asitumbukie. Soko haliwezi kufanya hivyo. Bucha haliwezi kutundika nyama isiyo na bei kwa mwezi mzima likingoja mnyama aamue ni nani.

Uislamu ulirithi mnyama yuleyule na ukajenga ngazi yake. Waarabu walikuwa na majina ya kila hatua ya kondoo na mbuzi, mengi yakitokana na meno, na mawili yaliingia katika fikihi: jadhaa, aliye mchanga kidogo, na thania, aliyeangusha meno ya mbele. Katika kuchinja kwa ajili ya Idi, Mtume Muhammad (S.A.W.) alielekeza achinjwe mnyama aliyekomaa, na ikiwa vigumu kumpata, basi jadhaa wa kondoo. Nafuu hiyo ni ya kondoo peke yake. Mbuzi hana.

Wanazuoni wakatofautiana jadhaa ni wa umri gani. Kwa madhehebu ya Hanafi na Hanbali, kondoo wa miezi sita anatosha, na Hanafi wanaongeza sharti linalonipendeza: awe na mwili kiasi kwamba ukimchanganya na wa mwaka mmoja na ukatazama kwa mbali, usimtofautishe. Pwani yetu, ambako madhehebu ya Shafi ndiyo yaliyoenea, kondoo atimize mwaka, au awe ameangusha meno ya mbele kabla ya mwaka. Mbuzi atimize miaka miwili. Kwa hiyo kondoo mnene wa miezi saba anayechinjwa Istanbul bila wasiwasi, akiletwa Unguja huku meno yake ya utotoni yakiwa yote kinywani, ataambiwa arudi malishoni. Hii ndiyo sababu siku za kuelekea Idi ya kuchinja utaona wanunuzi wa kiume, ambao mwaka mzima hawajali mbuzi ana umri gani, wameinama wanachungulia midomo kama madaktari.

Ladha haimo katika mjadala huu hata kidogo. Nyama ya mbuzi wa miaka miwili ni ngumu kuliko ya wa miezi minane, kila mpishi anajua. Sheria inatafuta utimilifu: mnyama aliyefika, ambaye mwenyewe atauhisi uchungu wa kumtoa. Kisa cha sahaba Abu Burda bin Niyar, kilichomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kinaliweka wazi jambo hilo. Alichinja kabla ya sala ya Idi, akaambiwa na Mtume kwamba hiyo ilikuwa nyama ya kula tu, achinje tena. Akasema hana ila jadhaa wa mbuzi, ambaye kwake ni bora kuliko mnyama aliyekomaa. Akaruhusiwa, lakini ikasemwa kwamba ruhusa hiyo haitamfaa yeyote baada yake. Ubora wa mwili ulikubaliwa kwa mtu mmoja, mara moja. Baada ya hapo umri ndio unaoamua.

Upande wa zaka nauona ni mtamu zaidi, kwa kuwa hapo umri unakuwa suala la haki kati ya serikali na mfugaji. Kondoo 40 hadi 120 hutolewa mmoja. Je, vitoto vilivyozaliwa mwaka huu vihesabiwe katika hiyo 40? Imam Malik katika Muwatta anasimulia jinsi Sufyan bin Abdullah, alipotumwa kukusanya zaka, alivyovihesabu, watu wakanung'unika: unatuhesabia vitoto lakini ukija kuchukua huvichukui! Akampelekea shauri Khalifa Umar bin Khattab. Umar akasema ndiyo, vihesabiwe, hata kile ambacho mchungaji anakibeba mikononi, lakini kisichukuliwe. Wala asichukuliwe aliyenoneshwa kwa ajili ya kuliwa nyumbani, wala anayenyonyesha, wala mwenye mimba, wala dume la mbegu. Mtoza zaka achukue jadhaa na thania, aliye katikati ya uchanga na ubora wa mali.

Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba ni ya mtu anayejua zizi. Mtozaji akichukua vitoto, maskini amepunjwa. Akichukua anayenyonyesha, amemchukua mama na mtoto atakufa. Akichukua dume, mwakani hakuna kundi. Umri wa kati ndio ambao ukiondoka, pande zote mbili zinabaki zimesimama. Sijaona mfumo wa soko la kisasa unaopanga kondoo kwa kuuliza kwanza kundi litabaki na hali gani.

Mmarekani hasomi kinywa, anasoma mguu. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo hupanga mzoga kwa kuangalia mfupa wa mguu wa mbele, juu kidogo ya kwato, pale ambapo mnyama mchanga bado ana gegedu la kukulia. Mguu ukivunjwa hapo, kwa mwanakondoo unaachia na kuacha uso wenye matuta, mwekundu, wenye unyevu. Kwa mkubwa gegedu limeshageuka mfupa. Mguu haukubali kuvunjika mahali hapo, unatengana chini yake kwenye kiungo chenyewe, nacho ni cheupe, kigumu, laini pande zote. Wa katikati, ambaye kwao ana daraja lake, huweza kuwa na aina moja ya kiungo au nyingine. Mantiki yake ni ya mtu wa kiwandani: mzoga unapomfikia mkaguzi, kichwa kimeshakwenda zake. Tatizo ni kwamba mifupa ya majike hukomaa mapema kuliko ya madume yaliyohasiwa. Ndugu wawili wa tumbo moja, jike na maksai, wanaweza kutoka machinjioni na vyeo viwili tofauti.

Sasa tuvuke kwenda Bahari ya Kati, ambako mambo yanageuka kabisa. Castilla y León, Hispania, hujivunia lechazo, mtoto wa kondoo anayechinjwa akiwa na siku zisizozidi 35, ambaye hajaonja kitu ila maziwa. Roma wana abbacchio, wa siku 28 hadi 40. Vyote viwili vinalindwa na sheria za Ulaya, na siku hizo zimeandikwa ndani ya kanuni zake. Wageni husifu ulaini wake, na kweli ni laini. Lakini ulaini si ndio uliomuua akiwa na mwezi mmoja. Mama yake anafugiwa jibini. Kila siku ambayo mtoto anaendelea kunyonya ni maziwa yasiyofika kwenye sufuria ya jibini, na kwa hiyo mtoto dume, ambaye hatakamuliwa kamwe, huondoka mapema iwezekanavyo. Kisha watu wakajifunza kumchoma vizuri, wakaona fahari, wakaandika kanuni.

Uingereza ilikwenda upande wa pili kwa sababu ya sufu. Dume lililohasiwa lilikuwa linakatwa sufu mwaka baada ya mwaka. Kulichinja mchanga ilikuwa kutupa mavuno ambayo hayajavunwa. Hivyo lilifika jikoni likiwa na miaka mitatu, minne, hata mitano, na Waingereza wa karne ya 19 waliishi kwa nyama hiyo nzito, nyekundu, yenye harufu yake. Halafu Februari 1882 meli iitwayo Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na karibu mizoga 5,000 iliyogandishwa, na mwezi Mei ikafika London mzigo ukiwa salama. Kondoo akawa anaweza kufugwa upande wa pili wa dunia kwa ajili ya nyama tu. Sufu nayo ikapoteza thamani mbele ya nyuzi za viwandani, na sababu ya kumweka kondoo miaka minne ikaisha. Kizazi kilichofuata kikaamini kwamba nyama ya kondoo mkubwa ni chakula cha shida. Mwaka 2004 Charles, wakati huo akiwa mwana wa malkia, alianzisha kampeni ya kuirudisha, na wenzake wakaifafanua kuwa nyama ya mnyama aliyepita miaka miwili. Sikatai nia yao, ila kurudisha nyama bila kurudisha bei ya sufu ni kazi ngumu.

Kuna la kuongeza hapo Uingereza. Baada ya janga la kichaa cha ng'ombe, jino lilipewa kazi mpya: kondoo aliyepita miezi 12, au ambaye jino la kudumu limetoboa ufizi, lazima ubongo wake na ugwe wa uti wa mgongo viondolewe visiingie kwenye chakula. Jino lilelile ambalo Mwarabu alilitazama kujua utimilifu, na Mwaustralia kujua bei, hapo linatazamwa kwa hofu ya ugonjwa.

Juu ya Mongolia sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba wana jina kwa kila hatua, hurga kwa mtoto, tolog akiingia mwaka wa pili, kisha shudlen, jina linalotokana na jino, na kwamba heshima yao inakwenda kwa mkubwa. Wakati wa mwaka wao mpya, Tsagaan Sar, mezani huwekwa mgongo mzima wa kondoo pamoja na mkia wake wa mafuta. Mnyama huchinjwa kabla baridi haijakolea, akiwa amenenepa kwa nyasi za kiangazi. Mwanakondoo hana mafuta ya kumvusha mtu kwenye majira ya baridi ya huko, basi hana nafasi mezani.

Mwili wenyewe hauna upendeleo. Kadiri kondoo anavyokua, nyuzi za kolajeni katika misuli yake hufungamana kwa vifundo visivyoyeyuka upesi motoni. Ndiyo maana mguu wa mchanga huiva kwa saa moja na mguu wa mkubwa unataka mchana kutwa. Misuli inazidi wekundu. Katika mafuta hujengeka asidi fulani zenye matawi, nyingi zaidi kwa dume ambalo halijahasiwa, nazo ndizo zinazotoa ile harufu ambayo mmoja huiita uvundo na mwingine humfanya aongeze wali. Waomani wanaofukia shuwa yao shimoni usiku na mchana, imepakwa viungo na kufungwa kwa majani, wana jibu lao: kolajeni ikipewa muda huo wote, ugumu hautakuwa na pa kujificha.

Kwetu Afrika Mashariki kondoo wengi wa asili, kama kondoo mwekundu wa Kimasai au yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, wana manyoya mafupi yasiyokatwa, na mafuta yao yako nyuma, mkiani na matakoni. Hakuna sufu ya kungojea. Huku mpaka mkubwa haumo kinywani bali tumboni: amezaa au hajazaa. Katika mahari ya Wakikuyu hutangulia mwati na harika, jike wa kondoo na jike wa mbuzi ambao bado hawajazaa. Hakuna anayehesabu meno yao. Kinachotolewa ni uzazi ambao haujaanza, na jike aliyezaa mara moja, hata awe mchanga kwa miezi, hafai. Kwa upande wa kula, ngoima, dume lililononeshwa, hupimwa kwa mafuta. Kwenye mnada wa Pugu, Dar es Salaam, au machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, ukimuuliza mfanyabiashara bei ya kondoo, atamshika kiunoni na kumpapasa mkia kabla ya kukwambia lolote, na buchani kilo ya mnyama wa mwaka mmoja na kilo ya ajuza wa miaka saba hukatwa kwa panga lilelile na kuuzwa bei ileile. Mpishi atajijua na sufuria yake.

Hali hiyo inabadilika, na chanzo si walaji wa Dar es Salaam wala Nairobi. Nyama ya mbuzi na kondoo kutoka Tanzania na Kenya inakwenda nchi za Ghuba, na wanunuzi wa huko hupendelea mizoga myepesi ya madume machanga. Mfugaji wa nyika hakuwahi kupanga kundi lake hivyo. Kwake kondoo ni akiba. Humuuza ada ya shule inapodaiwa, mtu anapolazwa hospitali, mvua inapokosa kunyesha, na anayebaki zizini muda mrefu kuliko wote ni yule maksai mkubwa, mnene, wa meno manane, aliyehifadhiwa kwa siku kubwa. Kwa macho ya Mmongolia huyo ni mnyama wa mgeni wa heshima. Kwa sheria ya Idi hana dosari. Kwa Mwingereza wa 1850 angekuwa chakula cha Jumapili. Wakala wa machinjio ya kusafirisha nje anamfungua kinywa, anaona meno manane mapana, na anaendelea kwa anayefuata. Mfugaji anaweza kuanza kuuza mapema, wapo walioanza, lakini atauza wepesi kwa kilo chache, kabla ada haijadaiwa, na fedha hailishwi wala haizai. Wanaoandika madaraja ya nyama kwa ajili ya masoko hayo wangefaa kukaa naye kwanza wakamuulize kondoo wake wanafugiwa nini, kama Umar alivyolifikiria zizi kabla ya kumwambia mtoza zaka achukue yupi.